Jina moja, bia mbili: historia ya wapika bia na somo la nembo kwa msindikaji mdogo



Hivi karibuni katibu wa kikundi cha akina mama wanaosindika mvinyo wa ndizi aliniuliza swali ambalo nimeona nilijibu hapa ili wengi wafaidike. Alisema: "Afisa, kikundi cha kata ya jirani wametoa mvinyo wenye jina kama letu, na lebo zinafanana rangi. Mwenye duka mjini amegoma kuchukua mzigo wa kwetu na wa kwao mpaka tuelewane. Tuwashtaki?"

Usilione ni swali dogo. Ndizi hazisubiri. Mkungu ukishaiva una siku chache tu, na mvinyo uliokaa stoo bila mnunuzi ni ada ya mtoto iliyokaa stoo. Vikundi vyote viwili vimenunua mapipa kwa mkopo, na vyote viwili vina hakika kwamba jina ni lao.

Mimi ni afisa ugani, si mwanasheria. Lakini ugomvi wa namna hii una historia ndefu, na walioupitia kwa kelele nyingi kuliko wote ni watengenezaji wa bia, hasa wa viwanda vidogo vya Marekani. Nimeona leo tujifunze kwao. Sikuhamasishi unywe. Kama wewe ni mfugaji wa nyuki, msaga unga wa lishe au mtengeneza achari, mahali palipoandikwa bia soma bidhaa yako.

Kwanza tuelewane maneno

Watu wengi husema "haki yangu" bila kujua ni haki ipi. Miliki bunifu ina matawi kadhaa, nayo hayafanani:

- Alama ya biashara ni jina, mchoro au nembo inayomwambia mteja kuwa bidhaa hii imetoka kwa fulani. Ikihuishwa kwa wakati, inaweza kudumu vizazi.
- Hataza ni haki ya mvumbuzi juu ya kitu kipya alichovumbua. Hudumu kwa muda, kwa kawaida miaka 20, halafu uvumbuzi huwa wa watu wote.
- Hakimiliki hulinda kazi ya ubunifu kama picha iliyochorwa kwenye lebo au maandishi ya kitabu.
- Siri ya biashara ni ujuzi unaoutunza mwenyewe. Ukishavuja, umevuja.
- Haki ya mzalishaji wa mbegu ni ya mtu aliyezalisha aina mpya ya mmea.

Yashike haya matano, maana historia yote inayofuata ni ya watu waliochagua kipi wafunge na kipi waache wazi.

Hamira iliyogawiwa bure

Mwaka 1845 mpika bia wa Denmark aitwaye J.C. Jacobsen alisafiri hadi Munich, Ujerumani. Alikuwa na shida ambayo kila mpika mbege anaijua: leo pombe imetoka vizuri, kesho imeharibika, na hakuna anayejua kwa nini. Munich walikuwa wakitengeneza bia tulivu inayochachuka taratibu kwenye baridi. Gabriel Sedlmayr, mwenye kiwanda cha Spaten, alimpa Jacobsen hamira yake. Safari ya kurudi Copenhagen ilikuwa ya siku nyingi kwa gari la farasi, na inasimuliwa kwamba kila kituo Jacobsen alishuka kuvipooza vyombo kwa maji ili hamira isife njiani. Ndiyo iliyoanzisha bia ya Carlsberg, kiwanda alichokifungua mwaka 1847.

Hamira ile haikumaliza tatizo, kwa sababu hamira ya siku hizo ilikuwa mchanganyiko wa wadudu wa kila aina, wema na wabaya. Mwaka 1875 Jacobsen akaanzisha maabara kiwandani. Mwaka 1883 mtafiti wa maabara hiyo, Emil Christian Hansen, alifanikiwa kuotesha hamira safi kutokana na chembe moja tu. Fikiria mkulima anayechagua punje moja bora na kuzalisha shamba zima kutoka punje hiyo. Kuanzia hapo mpika bia aliweza kujua leo kesho itatoka nini.

Sasa angalia alichokifanya Jacobsen. Maabara yake ilikuwa na kanuni kwamba matokeo yenye maana kwa sayansi au kwa kazi yasifichwe. Hamira ya Hansen ikagawiwa kwa wapika bia wengine, washindani wake wakiwemo, bila kudaiwa malipo.

Miaka 10 kabla, mwaka 1873, mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alikuwa amepewa hataza namba 141,072 nchini Marekani kwa njia yake ya kutengeneza bia na hamira isiyo na vijidudu. Pasteur hakukosea, kila mtu ana haki ya kulinda kazi yake, na Hansen mwenyewe alijengea juu ya kazi ya Pasteur. Hizi ni njia mbili halali.

Lakini je, Jacobsen alifilisika kwa kugawa hamira? Hapana. Kwanza, bia nzuri ilipoenea, soko la bia ya aina ile likawa kubwa kwa wote. Pili, alichogawa kilikuwa ujuzi. Jina la Carlsberg hakumpa mtu. Hapo ndipo penye kiini cha somo la leo: ujuzi hugawika na kila mmoja akabaki nao, lakini jina likigawanywa hovyo halimtambulishi tena yeyote.

Pembetatu nyekundu

Uingereza, katika mji wa Burton upon Trent, kulikuwa na kiwanda cha Bass kilichoanzishwa mwaka 1777. Bia yake ilisafirishwa mbali, na palipo na jina kubwa hapakosi wa kuliiga. Chupa za watu wengine zilibandikwa lebo zinazofanana na ya Bass, na mnywaji akilipia asichokunywa.

Bunge la Uingereza lilipotunga sheria ya kuandikisha alama za biashara mwaka 1875, daftari lilifunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama namba 1 katika daftari hilo ni pembetatu nyekundu ya Bass. Katika nchi iliyojaa viwanda vya nguo, vyuma na dawa, wa kwanza kwenye orodha alikuwa mpika bia. Mwaka 1882 mchoraji Mfaransa Édouard Manet alichora baa moja maarufu ya Paris, na kwenye kaunta zinaonekana chupa zenye pembetatu ile ile. Mtu asiyejua kusoma hata neno moja angeitambua.

Kuna jambo la kujifunza katika umbo lenyewe. Pembetatu nyekundu ni rahisi, haifanani na nyingine na haielezi kilichomo. Wengi wetu tunaita bidhaa "Asali Safi" au "Mvinyo Bora wa Ndizi." Majina hayo yanaeleza tu bidhaa, na kila mwenye asali ana haki ya kusema asali yake ni safi. Huwezi kulimiliki neno ambalo jirani yako analihitaji ili kueleza anachouza.

Neno lililokuwa la wote

Au unaweza? Tusogee San Francisco, Marekani. Zamani huko California wapika bia wasiokuwa na barafu ya kutosha walitengeneza bia ya bei nafuu iliyoitwa steam beer, yaani bia ya mvuke. Halikuwa jina la kiwanda kimoja. Lilikuwa jina la aina ya bia, kama sisi tunavyosema mbege au ulanzi.

Viwanda vya bia hiyo vilikufa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1965 kijana aitwaye Fritz Maytag alinunua hisa nyingi za kiwanda cha Anchor kilichokuwa karibu kufungwa, akakifufua kwa jasho lake. Kwa kuwa Anchor ndiyo iliyobaki ikiitengeneza bia hiyo, neno likawa linatambulika kwa jina lake, na mwaka 1981 likaandikishwa kuwa alama yake ya biashara. Wapika bia waliokuja baadaye wakitaka kutengeneza aina hiyo ilibidi watafute jina jingine. Mpaka leo wanaiita California common, yaani bia ya kawaida ya California.

Kuna wanaosema Maytag alistahili kwa sababu aliiokoa bia hiyo isipotee. Kuna wanaosema neno la wote halikupaswa kuwa la mtu mmoja. Mimi nakuachia upime, ila nikuulize: siku mtu mmoja akijaribu kuandikisha neno "mbege" kuwa lake, akina mama wa Kilimanjaro wanaochanganya ndizi, kimea cha ulezi na magome ya msesewe kama walivyofundishwa na bibi zao, wataita nini kinywaji chao? Majina ya urithi ni kisima cha kijiji. Lazima wawepo wa kukilinda.

Salvation mbili

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani nzima ilikuwa imebaki na viwanda vya bia visivyofika 100, karibu vyote vikubwa. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao, na wengi waliojifunzia jikoni wakafungua viwanda vidogo. Ken Grossman na mwenzake walianza Sierra Nevada huko Chico, California, mwaka 1980, kwa matangi ya chuma waliyookota kwenye viwanda vya maziwa vilivyokufa. Leo Marekani ina viwanda zaidi ya 9,000, na kila kimoja kina bia zake kadhaa. Maneno mazuri ya kuita bia yakaanza kuisha!

Kiwanda cha Avery cha Boulder, Colorado, kilikuwa na bia iitwayo Salvation, yaani Wokovu. Kiwanda cha Russian River cha Santa Rosa, California, nacho kilikuwa na bia iitwayo Salvation. Zote mbili zilifuata mapishi ya Ubelgiji, moja ya rangi ya dhahabu, nyingine nyeusi-nyeusi. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Watu wawili walio mbali walifikiria neno lile lile, kama vile vijiji viwili vinavyoweza kuwa na ng'ombe wawili wanaoitwa Malkia.

Adam Avery na Vinnie Cilurzo, wenye viwanda hivyo, waligundua jambo hilo wakati wa tamasha la bia. Wangeweza kuajiri mawakili, na pengine mmoja angeshinda. Badala yake walikubaliana kila mmoja aendelee na Salvation yake. Kisha mwezi Aprili 2004 walikaa pamoja Santa Rosa, wakaanza kuchanganya bia zao mbili kwa vipimo tofauti, wakionja mpaka walipopata mchanganyiko uliozidi kila moja peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2006 walianza kuuza mchanganyiko huo kwenye chupa. Waliuita Collaboration Not Litigation, maana yake ushirikiano, si mashtaka.

Utamu wa jina hilo uliwapa sifa ambayo wakili asingeweza kuwanunulia. Baada ya hapo kupika bia kwa ubia kukawa desturi ya viwanda vidogo duniani kote: wawili wanakutana, kila mmoja analeta alichojaliwa, na bia inabeba majina ya wote.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Avery na Cilurzo walichukua kapu.

Ndiyo maana nilimjibu hivi yule katibu: kabla ya polisi, mahakama au mtendaji wa kata, kaeni mezani na wenzenu mkiwa na chupa zote mbili. Niliwauliza maswali matatu. Nani alianza kuuza kwa jina hilo, na ana risiti au picha yenye tarehe? Nani amekwenda kuliandikisha? Je, mteja anawachanganya kweli? Majibu yalikuwa haya: hakuna risiti, hakuna aliyeandikisha, na mteja anawachanganya. Katika hali hiyo kesi ingemaliza hela za vikundi vyote viwili kabla jina halijapata mwenyewe. Tofauti na wale Wamarekani, hawa wanauza kwenye duka moja, kwa hiyo jina haliwezi kubaki kwa wote kama lilivyo. Nimewashauri kundi moja libaki nalo, jingine lipewe muda wa kumaliza lebo zake na lisaidiwe gharama za lebo mpya, na wafikirie mzigo mmoja wa pamoja kwa lile duka la mjini, maana hakuna kati yao anayeweza kulijaza peke yake. Mazungumzo yanaendelea.

Kesi nyingine huzaa aibu, nyingine huzaa haki

Usinielewe vibaya ukadhani kushtaki ni dhambi. Tazama visa viwili.

Januari 2015 kiwanda cha Lagunitas cha California kiliishtaki Sierra Nevada. Dai lilikuwa kwamba herufi tatu I, P na A kwenye lebo mpya ya Sierra Nevada ziliandikwa kwa mtindo unaofanana na wake. Herufi hizo ni kifupi cha aina ya bia inayotengenezwa na mamia ya viwanda. Wanywaji walichachamaa mtandaoni, wengi wao wakiwa wateja wa Lagunitas wenyewe. Ndani ya siku chache mwanzilishi wake, Tony Magee, alitangaza kuiondoa kesi. Mahakama ya wateja ilitoa hukumu kabla jaji hajafungua jalada.

Kisa cha pili ni cha Stone, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1996 jirani na San Diego. Kampuni kubwa ya MillerCoors ilikuwa na bia ya bei nafuu iitwayo Keystone. Mwaka 2017 ilibadilisha kopo lake, neno STONE likawa kubwa peke yake. Februari 2018 Stone ikaenda mahakamani, na Machi 2022 baraza la wazee wa mahakama likaamuru ilipwe dola milioni 56.

Tofauti iko wapi? Lagunitas ilidai herufi za wote dhidi ya jirani mwenye sifa njema. Stone ilikuwa na jina lake mahususi, lililoandikishwa tangu miaka ya 1990, dhidi ya mkubwa aliyeliingilia. Stone ilikuwa na cheti. Bila cheti kile, mdogo angebaki kulalamika tu.

Mbegu ni ya nani?

Kwa sisi watu wa kilimo, sehemu hii inatuhusu moja kwa moja. Bia hutiwa ua la mmea unaotambaa uitwao hopsi, ndilo linaloleta uchungu na harufu. Mwaka 1972 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walitoa aina mpya iitwayo Cascade. Ilizalishwa kwa fedha za umma, hivyo mkulima yeyote aliruhusiwa kuipanda. Ile bia ya Sierra Nevada iliyowapa viwanda vidogo umaarufu ilijengwa juu ya harufu ya Cascade. Naweza kusema mapinduzi yote yalianza na mche wa bure.

Baadaye mambo yalibadilika. Katika jimbo la Washington, familia ya Gamache iliona mmea wa hopsi uliojiotea shambani kwake, ikauotesha, ikaupa jina la Amarillo, ikachukua hataza na alama ya biashara. Kwa miaka mingi ukitaka Amarillo ulinunua kwao tu. Aina nyingine inayopendwa sana, Citra, ni mali ya kampuni ya wazalishaji wa mbegu. Kwenye makaratasi mmea wenyewe unaitwa HBC 394, na neno Citra ni alama ya biashara. Umeona ujanja huo? Haki juu ya mmea itakwisha muda wake, na yeyote ataweza kuupanda, lakini neno ambalo wanunuzi wamelizoea litabaki na mwenyewe.

Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012. Kwa hiyo kabla hujazalisha na kuuza miche au mbegu ya aina mpya, uliza kwa afisa kilimo wako kama aina hiyo ni ya umma au ina mwenyewe. Na wewe mwenye mgomba wa ajabu shambani usiofanana na wa jirani, usiwahi kuutupa wala kuwagawia wageni wenye magari kabla hujauliza kituo cha utafiti kilicho karibu.

Moto wa Paradise

Nimalizie historia kwa kisa kimoja. Tarehe 8 Novemba 2018 moto mkubwa uliozuka California uliteketeza mji wa Paradise, karibu na Chico kilipo kiwanda cha Sierra Nevada. Watu 85 walikufa na maelfu wakabaki bila makazi, wakiwemo wafanyakazi wa kiwanda hicho.

Sierra Nevada walitunga bia mpya, wakaiita Resilience, yaani ustahimilivu. Kisha wakaandika barua kwa wapika bia wote: haya hapa mapishi yetu, hili hapa jina, pikeni na nyinyi, mauzo yote yaende kwa walioathirika. Viwanda zaidi ya 1,400 vilijiunga. Wauza shayiri na hopsi wakatoa malighafi bure. Mapishi na jina, vitu viwili ambavyo kwa kawaida vinafungiwa kabatini, viliwekwa mezani kwa hiari ya mwenyewe.

Hata hivyo miezi ilipopita ilibainika kwamba baadhi ya viwanda vilikuwa bado havijawasilisha fedha. Kwa hiyo moyo mwema peke yake hautoshi. Hata msaada unahitaji maandishi yenye tarehe na kiasi, na mtu wa kufuatilia.

Wewe ufanye nini?

Tukusanye sasa mavuno ya safari hii.

1. Chagua jina lisiloeleza tu bidhaa. Jina la mlima wa kwenu, la bibi mwanzilishi au neno la kubuni lina nguvu kuliko "Safi" na "Bora." Kabla ya kuchapa lebo, zunguka madukani na ulizia BRELA kama lina mwenyewe.

2. Tofautisha jina la biashara na alama ya biashara. Wengi wana cheti cha jina la biashara kutoka BRELA wakadhani wamemaliza. Hicho kinaonyesha tu kwamba unafanya biashara kwa jina hilo. Alama ya bidhaa huandikishwa peke yake, kwa ombi lake. Kwa Tanzania Bara hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kila miaka 10. Ukiuza Zanzibar, huko kuna ofisi yao, BPRA.

3. Usichanganye na alama ya TBS. Ile inasema bidhaa imekidhi kiwango cha ubora. Haisemi jina ni lako.

4. Tunza ushahidi. Risiti ya kwanza, picha ya lebo ya kwanza, muhtasari wa kikao kilichochagua jina. Faili la shilingi mia tano linaweza kuokoa kikundi.

5. Andikeni jina ni la nani. Likiandikishwa kwa jina la mwenyekiti, siku akihama anahama nalo. Liandikishwe kwa jina la chombo chenu kilichosajiliwa.

6. Kwenye ubia, andikeni kabla ya kuonja. Nani analeta nini, nani anauza, mapato yanagawanywaje, na jina la bidhaa ya pamoja litakuwa la nani mkiachana. Karatasi moja yenye sahihi na mashahidi inatosha kuanzia.

7. Ukikuta umeigwa, anza na mazungumzo, kisha barua, na mwisho kabisa sheria. Lakini ukiwa na cheti na aliyekuingilia ni mkubwa anayekudharau, usiogope. Hapo ndipo cheti kinapofanya kazi yake.

Kuhusu ujuzi, ushauri wangu ni kama wa yule Mdenmark. Namna ya kusafisha mapipa, kupima joto na kuzuia mvinyo usigeuke siki ni mambo ya kufundishana. Chupa moja mbovu ya jirani inaharibu sifa ya mvinyo wa ndizi wa wilaya nzima, wako ukiwemo. Wasemao kizuri chajiuza wamesema nusu. Kizuri chajiuza kikiwa na jina ambalo mteja atalikumbuka atakaporudi dukani.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tutaangalia namna ya kuchagua chupa na vizibo vya mvinyo wa matunda bila kupata hasara ya kuvuja. Nawatakia kazi njema.